Saini ya mhadhiri mwandamizi

Tangazo la nafasi ya mhadhiri mwandamizi katika chuo cha sayansi za afya husomeka karibu sawa popote utakapolikuta, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Anatakiwa mtu aliyesoma hadi juu, aliyesajiliwa na baraza la taaluma yake, aliyechapisha makala za kutosha tangu awe mhadhiri. Atafundisha, atasimamia tasnifu, ataleta fedha za utafiti, atakaa kwenye kamati, atahudumia wagonjwa, kisha atafanya “kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wa idara”. Kutahini wanafunzi, kama kumetajwa, kumebanwa katikati ya orodha, baina ya kuandaa mihadhara na kuhudhuria vikao.

Kwa maoni yangu orodha hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Mengi yaliyomo yana watu wengine wa kuyafanya. Anatomia ya moyo inafundishwa vizuri tu na video ambayo mwanafunzi anaitazama mara tatu kwenye simu yake hosteli. Fedha za utafiti huletwa pia na taasisi zisizo na mwanafunzi hata mmoja. Kazi ambayo jamii haina mwingine wa kumkabidhi ni ya kumtazama kijana wa miaka ishirini na kitu akimpima mgonjwa, kisha kuamua kama aruhusiwe kuendelea au bado. Na kwa jinsi vyuo vyetu vilivyo, uamuzi huo humwangukia zaidi mtu wa cheo hiki cha kati. Mhadhiri msaidizi bado hana ubavu wa kusimama kikaoni na kusema hapana. Profesa, tumsamehe, yuko Dodoma kwenye kikao.

Ugomvi kuhusu mwalimu wa udaktari anapaswa kuwa nani umepita miaka mia. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa shule ambaye hakuwahi kusomea utabibu, alitoa ripoti yake baada ya kuvikagua vyuo 155 vya udaktari Marekani na Kanada. Ripoti ile ilichangia kufungwa kwa vyuo vingi vibovu, na pia vyuo vitano kati ya saba vilivyokuwa vikiwasomesha Wamarekani weusi. Flexner alitaka maprofesa wa wodini waajiriwe na chuo moja kwa moja na kuishi kwa mshahara, waache kuhangaika na wagonjwa wa kulipia. Mwaka 1913 chuo cha Johns Hopkins kikaufuata utaratibu huo kwa fedha za Rockefeller. William Osler, aliyekuwa amefundisha hapohapo kabla ya kuhamia Oxford mwaka 1905, aliupinga waziwazi. Hofu yake ilikuwa kwamba watapatikana wasomi wa maabara walio wageni wodini, na wanafunzi watafuata nyayo zao.

Kila upande ulikuwa na hoja. Daktari anayeishi kwa kliniki ya jioni hukatisha darasa, na mtafiti anayeishi kwa ruzuku hukatisha raundi. Sisi Afrika Mashariki tumewarithi wote wawili ndani ya mwili mmoja, kwa mshahara mmoja.

Urithi wenyewe ulipita njia ndefu. Makerere ilianza kufundisha utabibu mwaka 1924, na kwa miaka mingi ndiko Watanganyika na Wakenya walikokwenda kusomea. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Nairobi ilikuwa imeanzisha chake mwaka 1967. Mwaka 1976 kitivo cha Dar es Salaam na hospitali ya Muhimbili viliunganishwa kuwa kitu kimoja chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki, mwaka 2000 sheria ikaitenga hospitali ijitegemee, na mwaka 2007 chuo kikapata hadhi kamili kwa jina la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Kila hatua ilikuwa na sababu zake. Matokeo yake kwa mhadhiri ni kwamba mwajiri wake ni mmoja na mwenye vitanda ni mwingine.

Kisa cha Mloganzila kinalionyesha hilo kuliko maelezo yoyote. Hospitali ile ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini iwe hospitali ya kufundishia ya chuo, ikazinduliwa Novemba 2017. Mwaka 2018 usimamizi wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa nani aliendesha vizuri zaidi. Ninachokiangalia ni kwamba serikali ilipokuwa na hospitali mpya mkononi, swali lililoamua mambo lilikuwa la huduma, kama ambavyo lingekuwa nchi yoyote yenye foleni ya wagonjwa. Mafunzo hayana foleni inayoonekana. Mgonjwa asiyehudumiwa leo atalalamika leo, ilhali daktari aliyefundishwa vibaya leo atalalamikiwa miaka minane ijayo, Kigoma au Lindi, na hakuna atakayekumbuka alitahiniwa na nani.

Basi mhadhiri anapofika wodini asubuhi, hospitali inamhesabu kama bingwa wa kuona wagonjwa na chuo kinamhesabu kama mwalimu aliye kazini. Saa ileile inahesabiwa mara mbili na kulipwa mara moja. Raundi ikirefuka kwa sababu amesimama kufundisha, muuguzi kiongozi anaangalia saa, kwa haki kabisa, kwa sababu dawa za saa nne hazijatolewa. Raundi ikiharakishwa, wanafunzi wanatoka na daftari tupu.

Idadi ya vyuo nayo imeongezeka. Hadi katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na chuo kimoja cha udaktari. Mwaka 1997 vikaja Kairuki na KCMC, mwaka 2003 Bugando, halafu Dodoma, Ifakara, Mbeya, Zanzibar na vingine. Ni jambo jema, kwani nchi hii ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo wa kuhesabika kwa vidole. Lakini fanya hesabu ya kumpata mtahini mmoja. Shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka mitano, mwaka mmoja wa utarajali, ubingwa miaka mitatu au zaidi. Hapo umempata mhadhiri kijana, na bado ana miaka ya kuandika makala kabla ya kuitwa mwandamizi. Chuo unaweza kukisajili ndani ya miaka miwili. Mtu wa kutia saini cheti chake huchukua miaka kumi na mitano kumwandaa. Pengo hilo linazibwa kwa pati taimu: mhadhiri mmoja, vyuo viwili, wakati mwingine vitatu, na Jumamosi nzima kwenye foleni ya magari.

Matokeo yake utayaona pembeni mwa kitanda chochote cha hospitali ya rufaa. Wanafunzi ishirini wamemzunguka baba mmoja aliyevuliwa shati. Walio mstari wa mbele wanamwona. Wa mstari wa pili wanamsikia mwalimu. Wa tatu wananakili kwa jirani. Mwalimu anaweka mkono chini ya mbavu za kushoto, anasema bandama inapapasika, anamwita mmoja ajaribu, wa pili ajaribu, kisha mgonjwa anakunja uso na zoezi linakoma kwa sababu za kibinadamu. Jioni madaftari yote ishirini yatakuwa na sentensi kwamba bandama imevimba. Mwisho wa mzunguko wa wiki nane vitabu vya kumbukumbu vitaletwa ofisini kwa bunda, kila kimoja kina safu ya “nimeona”, “nimesaidia”, “nimefanya”, na mhadhiri atatia saini kimoja baada ya kingine huku akijibu simu. Saini ya kwanza hutoka hivyo, na mara nyingi ndiyo inayotegemewa na saini zote zinazofuata.

Mtihani wenyewe umebadilika sana, na hapa inabidi kukaa kidogo. Vizazi vya madaktari wetu vilipimwa kwa kesi ndefu, desturi tuliyoachiwa na Waingereza. Mwanafunzi anaachwa na mgonjwa kwa dakika arobaini au zaidi, anachukua historia, anampima, halafu watahini wawili wanakuja na kumsikiliza akieleza alichokikuta. Ni mtihani wenye heshima yake. Unampima mtu juu ya mgonjwa mzima mwenye kisukari, shinikizo la damu na mkwe asiyemnunulia dawa. Una kasoro mbili kubwa. Ya kwanza, watahini hawamwoni mwanafunzi akimgusa mgonjwa hata mara moja, wanasikia hadithi tu, na wapo wenye ulimi wa kutosha kufaulu kwa hadithi. Ya pili ilielezwa na Arthur Elstein na wenzake mwaka 1978: mtu kulitatua vizuri tatizo moja la kitabibu hakukuhakikishii kwamba atalitatua linalofuata. Aliyepangiwa mgonjwa wa moyo na anaujua moyo amebahatika. Mwenzake mwenye mgonjwa wa mfumo wa fahamu ana sapu, yaani mtihani wa marudio.

Ronald Harden na wenzake huko Dundee walileta jibu mwaka 1975. Ukumbi unagawanywa vituo, kila kituo kina kazi moja na mtahini mmoja mwenye orodha ya kuweka tiki, kengele inalia, mwanafunzi anahamia kingine. Wote wanakutana na kazi zilezile. Mtihani huo wa vituo uko sasa katika vyuo vingi vya afya duniani, na kwetu wauguzi na wafamasia wanautumia kama madaktari. George Miller, mwaka 1990, aliupa nafasi yake katika ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Mtihani wa vituo unafika ngazi ya tatu. Ya nne iko wodini, saa nane usiku, pasipo mtahini.

Ila mtihani wa haki una gharama. Chukua wanafunzi 200 na vituo 12 vya dakika tano. Kila saa wanapita 12, kwa hiyo unahitaji mizunguko 17, yaani saa 17 bila mapumziko. Ukipanga njia mbili sambamba unabaki na siku nzima ndefu na watahini 24 kwa wakati mmoja, idadi ambayo idara nyingi hazina. Ndipo wanaitwa wanaosomea ubingwa, madaktari wa hospitali waliojitolea, wakati mwingine na daktari tarajali aliyemaliza mwaka jana. Wanapewa orodha asubuhi hiyohiyo.

Na orodha yenyewe ina ujinga wake. Nimekaa kwenye kituo ambacho mama aliyeigiza mgonjwa alisalimiwa na wanafunzi mfululizo kwa “shikamoo mama, naitwa fulani, mwanafunzi wa mwaka wa tano, naomba kukuuliza maswali machache”, yote kwa pumzi moja. Wengi hawakusubiri marahaba. Wengine walishaanza swali la kwanza huku wameinamia karatasi. Mbele yangu palikuwa na visanduku vitatu: amesalimia, amejitambulisha, ameomba ridhaa. Vyote vitatu vikapata tiki. Alikuja mmoja akavuta kiti, akasalimu, akanyamaza mpaka akaitikiwa, mama akaanza kueleza mwenyewe. Kijana huyo alipitwa na muda na akapata alama pungufu. Kama kuna sababu ya kumweka mwandamizi kwenye kiti kile, na siyo mtu yeyote mwenye kalamu, ni hiyo ya kujua lini orodha inasema uongo na kuwa na ubavu wa kuliandika hilo pembeni.

Liko pia suala la lugha, ambalo huwa tunalipita haraka mno. Mgonjwa anasema kwa Kiswahili, mwanafunzi anaripoti kwa Kiingereza, alama zinatolewa kwa ripoti. Kumweleza mama mwenye kisukari, kwa maneno anayoyaelewa, namna ya kuhifadhi insulini kwenye mtungi wa udongo kwa kuwa kwake hakuna jokofu ni ustadi wa kitabibu kama kusikiliza moyo. Vituo vinavyoupima ustadi huo ni vichache kuliko inavyostahili, na mhadhiri mwandamizi ndiye anayetunga vituo.

Baada ya alama huja kikao cha bodi ya watahini. Hapo ndipo cheo hupimwa. Jina linasomwa, alama 47, chini ya mstari wa kufaulu. Kimya. Mtu anauliza kama kuna namna. Mwingine anakumbusha kwamba kijana ni wa mwaka wa mwisho, kwamba akipata sapu atachelewa utarajali, kwamba akidisko, yaani akiachishwa chuo, familia itakuwa imeuza shamba bure. Mwingine anafungua faili la wodini na kukuta idara nne zimeandika kwamba maendeleo yake ni mazuri. Sasa unamwangushaje mtu ambaye kila aliyemwona amemsifu? Kathleen Duffy alilichunguza jambo hilo kwa wauguzi wa Uskoti mwaka 2003, na Nancy Dudek na wenzake wakalifuatilia kwa madaktari wa Kanada mwaka 2005. Majibu yao yanafanana na ya kwetu kama ndugu wa tumbo moja. Wasimamizi wanajua nani hafai, lakini hawana maandishi, wanaogopa rufaa, hawajui watamsaidiaje baada ya kumwangusha, na wanasubiri atakayefuata afanye hivyo.

Ningeongeza sababu moja, ambayo ndiyo ngumu kuitamka kikaoni. Mhadhiri anajua kwamba hakumfundisha. Alimwona mara mbili kwa mbali, mstari wa tatu. Kumwangusha kunageuka kujishtaki, na huruma inayomfanya apandishe 47 kuwa 50 ni huruma ya kujionea mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Mtahini wa nje aliletwa kwa ajili ya nyakati kama hizi. Anatoka chuo kingine, hana shangazi wa mwanafunzi mtaani kwake, Ijumaa anaondoka. Nathamini sana desturi hiyo, lakini yeye huona wachache kwa siku chache, tena wengi wao ni wale walio kwenye mpaka. Kazi ya mwaka mzima haiwezi kurekebishwa na mgeni wa wiki moja.

Kwa nini basi mwandamizi asikae wodini akaandika anayoyaona? Jibu liko kwenye faili lake la kupanda cheo. Kanuni za vyuo vyetu zinataja ufundishaji, na wanafunzi hujaza fomu za kumtathmini mwalimu. Lakini ufundishaji umewekwa kama kizingiti: ukishakivuka, haukupandishi tena. Machapisho ndiyo ngazi. Kutoka mwandamizi hadi profesa mshiriki utapanda kwa makala, na hakuna makala inayozaliwa kwa kumrudisha kijana kitandani amsikilize mgonjwa upya. Mwenye akili hujifunza haraka. Majarida ya ulaghai, yanayochapisha chochote kwa ada, yaliwajua wateja wao vizuri.

Ernest Boyer alipendekeza mwaka 1990 kwamba vyuo vihesabu aina nne za usomi, ufundishaji ukiwemo, na sehemu fulani za dunia zimemsikiliza. Kwetu juhudi zimepitia zaidi kwenye mitaala. Moi, kule Eldoret, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuwafundisha wanafunzi kupitia matatizo na kuwapeleka vijijini. MUHAS ilishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, na mwaka 2011 ikaanza mitaala inayopima umahiri. Baadaye ikaungana na KCMC na Bugando kuandaa mtaala unaofanana. Ni kazi nzuri, na wahadhiri wengi walipata mafunzo ya ualimu kwa mara ya kwanza maishani. Lakini mtaala wa umahiri unadai watazamaji. Ukiuanzisha bila kuongeza watu wala kubadili kinachohesabiwa, unapata fomu mpya zilizojazwa kwa mtindo wa zamani.

Kwa wahadhiri wa uuguzi, famasia na maabara shida imegeuka upande. Wengi wao wameajiriwa na chuo tu, hawana wodi wala duka la dawa wanaloliita lao, na ukishapata uzamivu unaweza kumaliza miaka kumi bila kuwahi kuweka kanula. Halafu unapelekwa kumtahini anayeweka. Muuguzi wa zamu aliyesimama pembeni anajua zaidi, na hana sauti kwenye alama.

Lipo jambo dogo linalowezekana bila mkopo wa benki yoyote. John Norcini na wenzake walilieleza huko Marekani mwaka 1995: msimamizi anamtazama mwanafunzi mmoja na mgonjwa mmoja kwa dakika kama kumi na tano au ishirini, katikati ya kazi ya kawaida, anajaza karatasi moja na kumwambia papo hapo lililokwenda vizuri na lisilokwenda. Mzunguko wa wiki nane una siku arobaini za kazi. Mwanafunzi mmoja kwa siku, kundi la ishirini, kila mmoja ametazamwa mara mbili na mtu mzima wa taaluma kabla ya mtihani. Bodi ikikutana, jina lenye 47 lina karatasi mbili zenye tarehe, na mabishano yanakuwa juu ya kilichoonekana badala ya shamba lililouzwa. Karatasi hizo zikihesabiwa kwenye faili la mhadhiri kama zinavyohesabiwa makala, wodi zitajaa waandamizi kabla ya mwaka kuisha. Wataalamu wa tathmini watasema mara mbili hazitoshi. Ni kweli, hazitoshi, ila leo wengi hawatazamwi hata mara moja.

Linabaki la sapu. Aliyeangushwa kwa haki hupewa wiki chache na tarehe ya kurudia. Katika wiki hizo wenzake wamekwenda nyumbani, idara iko likizo, na bumu, ile posho ya mkopo, limekatika. Anayejua hasa alichoshindwa ni yule aliyemwangusha, naye muda huo anamalizia andiko la ruzuku. Mwanafunzi anarudi peke yake wodini na kuomba daktari tarajali amwonyeshe tena namna ya kupapasa bandama. Saa za kusimama naye hazimo kwenye ratiba ya mtu yeyote, wala kwenye bajeti ya idara, na tangazo la kazi halikuzitaja.